Mkono Pembeni mwa Kadi

Meneja wa masoko aliliweka kopo la biskuti mezani kwa mikono miwili, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto aliyekwisha kusinzia.

"Hili ndilo tunaloitiwa wezi," alisema. "Litazame mpaka uridhike. Sisi hatukuiba. Tulinunua, na karatasi ninazo."

Sindano hakuligusa. Jina hilo alipewa na wenzake enzi zake za polisi, katika kitengo cha wizi, kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu ya maswali yake, ambayo yalikuwa madogo lakini yakiingia. Alipostaafu, jina lilimfuata hadi kwa wakili aliyemwajiri sasa kama mpelelezi, na yeye mwenyewe alikuwa karibu amesahau aliloitwa na mama yake.

Kwenye kopo palikuwa na picha ya zamani: msichana ameketi juu ya baiskeli karibu na daraja, kichwa kakirusha nyuma kwa kicheko, uso wake nusu umegeukia upande wa pili. Miaka mingi iliyopita picha hiyo ilikuwa postikadi iliyouzwa kila duka la vitabu. Sasa ilikuwa kwenye makopo ya biskuti, kwenye kalenda, kwenye vikombe, na kwenye bango kubwa ukutani mwa kiwanda. Mteja wa wakili, mwanamke aliyefundisha shule ya msingi na ambaye hata majirani walimwita Mwalimu tu, alidai kuwa picha ni ya marehemu baba yake, mpiga picha, na kwamba hakuna aliyeomba ruhusa. Tatizo lake lilikuwa moja. Hakuwa na ushahidi. Kwenye postikadi hapakuwa na jina la mpiga picha, na kampuni iliyoichapisha ilikuwa imefungwa zamani.

"Nionyeshe hiyo kadi mliyonunua," alisema Sindano.

Meneja alitoa kwenye droo fremu ndogo ya kioo. Ndani yake kadi ilikuwa imepauka, ukingo wake mweupe umegeuka rangi ya chai.

"Tuliuziwa na mzee anayekusanya vitu vya kale. Wanamwita Mzee Stempu. Alitupatia kadi hii pamoja na faili la kompyuta. Akaandika kwamba mpiga picha hajulikani, na kwamba muda wa hakimiliki umekwisha."

"Umekwisha kwa nini?"

"Kwa sababu hajulikani! Mwenye kazi akijulikana, miaka inahesabiwa tangu alipokufa. Asipojulikana, inahesabiwa tangu kazi ilipotoka, na hii ilitoka zamani sana. Mwanasheria wetu ameliangalia suala hili."

"Kwa hiyo mzee huyo asipomjua mpiga picha, nyinyi mnapona."

"Si sisi tuliomwambia asimjue."

Jibu lilikuja haraka mno. Sindano alilitia akibani, akalivuta kopo hadi likagusana na fremu, akainama. Alitazama kadi. Akatazama kopo. Akarudi kwenye kadi.

"Huu mkono wa nani?"

"Mkono gani?"

Alimwonyesha kwa ukucha. Upande wa kushoto wa picha ya kopo, nyuma ya msichana, mkono wa mtu ulikuwa umeshika kiti cha baiskeli. Ulikuwa umekatwa kwenye kifundo, mwenyewe haonekani. Kwenye kadi mkono huo haukuwepo. Picha ya kadi iliishia kwenye gurudumu la nyuma, kisha ukaanza ukingo mweupe.

Meneja alicheka kidogo. "Ah! Dizaina atakuwa ameuongeza. Siku hizi kompyuta inakuwekea chochote. Ukitaka hata tembo."

"Angeongeza maua," alisema Sindano. "Mtu anayeuza biskuti haongezi mkono wa mtu asiyeonekana. Twende kwa huyo dizaina."

Dizaina alikuwa msichana mwenye vipokea sauti shingoni, katika chumba kilichojaa vifungashio. Alipoulizwa kuhusu mkono alishangaa.

"Mimi sijaongeza kitu zaidi ya rangi. Ilikuja nyeusi na nyeupe. Bosi akasema gauni liwe jekundu, kwamba nyekundu inauza."

"Lifungue faili kama lilivyokuja. Kabla hujaligusa."

Picha ilijitokeza kwenye skrini, na Sindano akasogea mpaka pumzi yake ikaonekana kwenye kioo. Pande zote nne picha ilikuwa imezungushiwa ukingo mweusi, na juu ya ukingo huo palikuwa na herufi ndogo za kiwandani na mkwaruzo mrefu kama unywele.

"Hizi herufi?"

"Sijui. Nilizikata, zilikuwa zinachafua."

"Kadi ya posta haina ukingo mweusi," alisema Sindano, akiongea na skrini. "Hii ni filamu. Mtu alichukua negativi yenyewe akaiweka kwenye skana. Ndiyo maana ina vitu ambavyo kadi haina. Waliochapisha kadi walikata pembeni. Negativi haikukatwa."

Nyuma yake meneja alikuwa ameacha kuegemea mlango.

"Mzee Stempu alikwambia ana negativi?"

"Mimi si mtaalamu wa mambo hayo."

"Sikukuuliza kama ni mtaalamu."

"Hakuniambia," alisema meneja. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Na sikuuliza."

Sindano alimwomba dizaina achapishe picha ile nzima, pamoja na ukingo wake mchafu. Aliikunja mara moja, akaitia mkobani, akaaga. Alipogeuka kwenye kona ya ngazi alimsikia meneja akibonyeza simu.

Na yeye akapiga yake, akiwa kwenye kituo cha basi. Mwalimu alipokea huku kelele za watoto zikisikika nyuma yake.

"Negativi za baba yako zilikuwa wapi?"

"Kwenye sanduku, ndani ya chumba chake cha giza. Alipofariki lilikuwepo. Tulipomaliza msiba, halipo." Mwalimu alishusha sauti. "Ufunguo anao Baba Mdogo. Mdogo wake marehemu, anaishi pale nyumbani, fundi redio. Nilikuwa sitaki kusema, maana ni damu yangu. Lakini tangu nifungue kesi hii amebadilika. Nikitaja tu picha, anawasha redio. Anaiwasha mpaka mwisho."

"Na mama yako anasemaje?"

"Mama? Mama mambo ya picha hataki hata kuyasikia. Mke wa mpiga picha, lakini hata harusi yao haina picha, fikiria! Alikuwa anamwambia Baba, kamera yako iishie mlangoni. Mwache Mama. Mwangalie Baba Mdogo."

Duka la Mzee Stempu lilikuwa chumba chembamba kilichobanwa kati ya fundi wa funguo na duka la viatu. Ndani mlinuka gundi na karatasi iliyozeeka. Droo zilipanda hadi darini. Mzee mwenyewe alivaa miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, na mbele yake alikuwa amepanga kadi juu ya kitambaa cheupe kilichotariziwa ndege wadogo wa bluu.

"Karibu, mwanangu. Unatafuta nini? Meli? Maua? Wafalme? Wafalme nimewashusha bei."

"Negativi."

Mikono ya mzee ilisimama juu ya kadi.

"Mimi ni mtu wa karatasi tu."

Sindano aliikunjua ile picha, akaitandaza juu ya wafalme. Mzee Stempu alibadilisha miwani. Aliutazama ukingo mweusi muda mrefu kuliko alivyomtazama msichana.

"Sikuiba," alisema.

"Hakuna aliyesema umeiba. Bado."

"Nimeuziwa! Na mtu wa nyumba ile ile. Alikuja kwa miguu yake, mchana kweupe, na sanduku mkononi."

"Nani?"

"Mtu wa nyumbani, basi. Biashara hii inaishi kwa mdomo kufungwa. Nikianza kutaja wauzaji, kesho nauza kuta hizi."

"Alisemaje alipoleta?"

Mzee alisitasita. Sindano alimngoja. Alikuwa hodari wa kungoja. Watu wengi waliowahi kumwambia ukweli walifanya hivyo kwa sababu tu walishindwa kuvumilia kimya chake.

"Alisema ziyeyushwe zote. Filamu za zamani zina madini ya fedha ndani yake, kuna watu wanazinunua na kuziyeyusha. Alikuwa amesikia habari hiyo. Alisema hataki ibaki hata moja. Nikamwambia sawa."

"Hukuyeyusha."

"Ningeyeyusha vipi? Wewe ungeziyeyusha?" Kwa mara ya kwanza mzee alionekana kukasirika kweli. "Kazi ya mtu ya maisha mazima! Nilizikagua moja moja juu ya taa. Nilipoifikia hiyo ya baiskeli nilikaa chini. Kadi yake ninayo tangu ujana wangu, halafu leo naona kilichokatwa pembeni!"

"Kwa hiyo ulijua nyumba, ulijua sanduku, ulijua picha. Halafu ukaandika kwamba mpiga picha hajulikani."

"Zimetoka nyumba gani, hilo najua. Aliyepiga ni nani, nilikuwepo?" Alinyanyua kidevu. "Isitoshe nimenunua. Ukinunua ng'ombe, maziwa ni ya nani?"

"Ukinunua kitabu dukani, unaruhusiwa kwenda kukichapisha?"

Mzee Stempu aliisukuma ile picha kwa Sindano.

"Filamu huenda ni mali yako," alisema Sindano. "Haki ya kuichapisha hukuuziwa. Hukuiomba. Na ungeiomba vipi, wakati ulisema unakwenda kuyeyusha?"

Mzee alianza kuzikusanya kadi zake, moja juu ya nyingine, bila mpango. Zilipotoka, kitambaa kilichokuwa chini kikabaki peke yake. Sindano alikiinua kwa pembe. Kilikuwa na matabaka mawili na mdomo upande mmoja. Mikunjo ya pasi bado ilionekana.

"Hii ni foronya."

"Ilikuja na sanduku. Negativi zilikuwa zimefungwa humo. Nikaona nzuri, nikaitandika."

"Mtu anayetaka vitu vyake viyeyushwe anavifunga kwenye foronya iliyopigwa pasi?"

"Mimi sikuuliza. Wateja wangu nawapenda hivyo, wasioulizwa."

Sindano aliipiga picha ile foronya kwa simu yake, ndege wa bluu wote. Alipokuwa akitoka simu ya kaunta ililia. Mzee hakuipokea, aliitazama tu kama mtu anayetazama nge.

"Meneja anataka kujua umesema nini," Sindano alimwambia. "Mwambie ukweli. Na usisafiri."

"Kwa miguu hii?" alisema Mzee Stempu.

Alifika nyumbani kwa marehemu jua likiwa bado kali. Ilikuwa nyumba ya kawaida yenye ua mpana. Kona moja ya ua, chini ya kibanda cha mabati, Baba Mdogo alikuwa ameizunguka meza yenye redio zilizofumuliwa. Alikuwa mwanamume mnene, mpole wa uso, na alipouona ukingo wa ile karatasi ukitokeza mkobani, upole ule ukaondoka.

"Mwalimu amekutuma."

"Wakili amenituma. Naomba nione mkono wako wa kulia."

Haikuwa lazima aombe. Mkono ulikuwa umeshika bisibisi, na kidole chake cha mwisho kilipinda kwenda nje kuanzia kiungo cha kati, kama tawi lililovunjika likaunga vibaya. Sindano alitandaza picha kando ya redio. Mkono ulioshika kiti cha baiskeli ulikuwa wa kijana, mwembamba, lakini kidole cha mwisho kilikwenda kivyake, nje.

Kila kitu kilikaa sawa, na hilo lilimtia wasiwasi. Ufunguo anao yeye. Kimya ni chake. Mkono pembeni ni wake. Huenda aliuona kwenye negativi akaona na yeye ana sehemu yake katika picha ile, basi kwa nini asiiuze? Sindano alishaanza kuipanga taarifa kichwani wakati upepo ulipoingia uani na nguo zilizoanikwa nyuma ya kibanda zikajaa, zikainuka. Mashuka mawili. Taulo. Foronya nne, nyeupe, zenye ndege wadogo wa bluu kwenye mdomo.

Alisimama pale akizitazama.

Alikuja, alisema Mzee Stempu. Alisema. Hataki. Maneno hayo hayakumwambia mtu kama aliyekuja alikuwa mwanamume au mwanamke. Ni Sindano mwenyewe, pamoja na ujuzi wake wote, aliyemvika suruali mtu ambaye hakumwona, kwa sababu Mwalimu alikuwa amemkabidhi hiyo suruali asubuhi.

"Nani anatarizi humu ndani?" aliuliza.

Mkono wa Baba Mdogo wenye kidole kilichopinda ulikwenda kwenye kitufe cha redio. Sindano aliuwahi, akauweka wake juu ya kitufe.

"Usiwashe. Siku ile ulikuwa umeshika baiskeli."

"Nilishika."

"Nani mwingine alikuwepo?"

"Kaka, na kamera yake mpya. Na mimi. Na baiskeli ya kuazima, ilikuwa haina stendi, ndiyo maana nikashika. Kaka akaniambia jifiche nyuma, usitokee. Nikatokea mkono."

"Kwa hiyo ulimwona kaka yako akipiga picha hii. Kwa macho yako."

"Hata mlio wa kamera niliusikia."

"Basi wewe ni shahidi! Mwalimu anahangaika miezi yote hii, anatafuta mtu mmoja tu wa kusema neno hilo mbele ya hakimu, na wewe unakula naye meza moja. Kwa nini hukumwambia?"

Baba Mdogo aliiweka bisibisi chini. "Kwa sababu ataniuliza swali la pili."

"Msichana ni nani."

"Hilo ndilo la pili," alisema, na macho yake yakaikwepa nyumba kwa bidii sana.

Sebuleni kuta zote zilikuwa picha. Mwalimu akiwa mchanga, Mwalimu na meno ya mbele hayapo, Mwalimu siku ya kuhitimu. Baba Mdogo na redio zake. Majirani, maharusi wa watu, wazee wa mtaa, mbwa aliyekwisha kufa. Sindano aliwapitia wote. Mke wa mpiga picha hakuwepo hata mara moja. Katika pembe moja Mwalimu alikuwa amerundika makopo ya biskuti kwa ajili ya ushahidi, na mtu alikuwa ameyageuza yote, uso ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mjane alikuwa akipiga pasi. Alikuwa mwanamke mrefu, mgongo umenyooka, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. "Mwenyewe hajarudi shule. Keti umngoje."

Sindano hakuketi. Alichukua kopo moja, akaligeuza, akaliweka mezani.

"Picha hii unaijua, mama?"

"Nani asiyeijua? Iko mpaka kwa mchinjaji."

"Wameipamba vizuri."

"Wameiharibu," alisema mjane, pasi ikienda na kurudi. "Gauni lenyewe halikuwa jekundu. Lilikuwa kijani, kijani ya majani machanga. Wamelivisha mirangi ya..."

Pasi ikasimama.

"Kadi ilikuwa nyeusi na nyeupe, mama," alisema Sindano. "Hata negativi ni nyeusi na nyeupe. Rangi ya gauni lile anaijua aliyelivaa."

Harufu ya nguo kuungua ilianza kupanda. Mjane aliinyanyua pasi, akaisimamisha, akauchomoa waya ukutani. Kisha akaketi kwenye ukingo wa kiti kama mgeni.

"Nilitumwa sabuni," alisema. "Nilikuta wale ndugu wawili darajani na baiskeli. Mkubwa akasema kaa hapo dada, najaribu kamera tu. Mdogo akashika. Baiskeli ikayumba, nikacheka. Basi. Nikaenda zangu dukani. Hakuna aliyeniambia habari ya kadi."

"Ulijuaje?"

"Shangazi yangu alitumiwa salamu na shoga yake kutoka mbali. Salamu zimeandikwa mgongoni kwangu." Alicheka bila furaha. "Nikaitwa Binti wa Kadi. Wanaume nisiowajua wananisimamisha njiani, wananiambia cheka kama kule. Baba yangu akanitoa shule, akasema nimejianika. Mpiga picha aliposikia alikuja kuomba radhi. Akafukuzwa. Akarudi. Alirudi mpaka Baba akachoka kumfukuza, na mimi nikaanza kumngoja. Usinielewe vibaya, mwanangu. Nilimpenda yule mtu. Lakini siku ananioa nilimwomba kitu kimoja tu, aichome ile negativi. Akaniambia ameshaichoma."

"Halafu akafariki."

"Akafariki, nikachukua ufunguo kwa shemeji yangu, nikaingia chumba chake kufagia, nikakuta sanduku. Nilizishika moja moja dirishani. Ulishawahi kutazama sura kwenye negativi? Meno meusi, nywele nyeupe, kila mtu ni mzimu. Nilishindwa kujua mimi ni yupi. Nikasema ziende zote. Nikazifunga vizuri, maana ilikuwa kazi yake, sikutaka ziende kama takataka. Yule mzee akaniahidi ataziyeyusha." Alilitazama kopo. "Baada ya muda nakwenda kununua chumvi, najiona nimepangwa rafu nzima."

"Alikudanganya."

"Yupi? Mzee au marehemu?" alisema mjane. "Wote wawili. Shemeji yangu peke yake ndiye aliyenyamaza nilipomwomba anyamaze."

Mlango wa mbele ulisukumwa kwa bega. Mwalimu aliingia na fungu la madaftari kifuani, jasho likimtoka, akamwona Sindano, hakumwona mama yake.

"Umempata? Nimemwona Baba Mdogo hapo nje ameinamisha kichwa. Ni yeye, siyo? Nilikwambia!"

"Ni mimi," alisema mama yake. "Sanduku nililipeleka mimi. Na huyo," akanyoosha kidole kwenye kopo, "ni mimi pia."

Mwalimu aliangalia kopo. Akamwangalia mama yake. Alitazama tena kopo, safari hii akiinamisha kichwa upande, kama anavyofanya mwalimu anapojaribu kusoma mwandiko mbaya. Madaftari yalianza kumponyoka, akayaacha yaanguke.

"Nimekuwa nikikuletea humu ndani," alisema. "Kila wiki. Nikikupangia hapo pembeni. Mama, mbona hukusema?"

"Ulikuwa unampigania baba yako. Ulisema unataka jina lake liandikwe chini ya picha. Ningesimama vipi katikati ya binti na jina la baba yake?"

Kabla Mwalimu hajapata jibu, simu ya Sindano ilitetemeka. Alikuwa wakili. Sindano alimweleza kwa ufupi, akiwa amesimama katikati ya madaftari: negativi iko kwa Mzee Stempu, imetoka nyumbani kwa marehemu, yupo shahidi aliyemwona marehemu akiipiga. Mpiga picha anajulikana. Hakumwambia habari za sura, hiyo haikuwa yake kuisema.

"Basi wamekwisha," sauti ya wakili ilijaza chumba. "Ndiyo maana yule meneja yuko hapa ofisini kwangu na jasho linamtoka, kalamu mkononi. Atalipa, ataandika jina la marehemu kwenye kila kopo, ataweka na picha yake kwenye tovuti. Anachotaka ni kibali tu aendelee. Na kwa mirathi, kazi zote za marehemu ziliachwa kwa mjane. Yuko hapo? Muulize."

Mwalimu alikuwa ameshika mdomo. Jina la baba yake kwenye kila kopo. Ndicho alichokifungulia kesi.

Sindano alimnyooshea mjane simu, lakini hakumkabidhi kwanza.

"Mama, nisikilize. Sheria inauliza nani alibonyeza kamera. Haiulizi nani alikuwa amekaa. Kwa kudai haki ya sura yako pengine tusingefika popote. Lakini mumeo alipokufa alikuachia haki ya kazi zake, na hii ni mojawapo. Hawawezi kuchapisha kopo jingine bila neno lako. Waruhusu au uwakatalie, ni wewe tu."

Mjane aligeuka akamtazama binti yake.

"Usiniangalie mimi, Mama," alisema Mwalimu. "Si mimi ninayeulizwa."

Mjane aliichukua simu, akaishika mbali kidogo na sikio.

"Umesema nini wewe bwana?"

"Nauliza, mama, kama unaruhusu picha hiyo itumike."

Uani palikuwa kimya. Hakuna redio iliyowashwa. Baba Mdogo alikuwa amesogea hadi kizingitini na kusimama hapo.

"Niulize tena," alisema mjane. "Taratibu."

Wakili alikohoa, akauliza tena, taratibu.

"Hapana," alisema.